Meli za Watu Wasio na Bahari

Tarehe 10 Desemba 2023, meli iitwayo Serenade of the Seas iling'oa nanga Miami, Marekani, kuanza safari ya kuizunguka dunia kwa usiku 274. Abiria wake walikuwa na mabwawa ya kuogelea, ukumbi wa maonyesho, vyakula vya kila bara na, kuliko vyote, muda. Baadhi yao walijirekodi kila siku, na kwa miezi tisa watu wasioijua hata harufu ya bahari wakawa wanayafuatilia maisha yao TikTok: nani kakaa meza gani, chumba kipi kina dirisha, leo wameteremka bandari ipi.

Kampala nako walifuatilia. Katika uchochoro wa Kikuubo, nyuma ya duka moja la vitenge, kuna kikao cha chai ya jioni cha marafiki wa siku nyingi: Hajati mwenye duka, daktari wa meno wa Ntinda, mzee aliyestaafu kazi ya reli, na mimi mwandishi. Hajati alitaka kujua jambo moja tu, kama kweli mtu anaweza kufungiwa na rafiki zake ndani ya chombo kimoja miezi tisa wasikosane. Mzee akaweka kikombe chini.

"Wanangu, hiyo sisi tulikuwa nayo. Ilianzia Port Bell. Unapanda, unazungushwa ziwa zima, unarudi nyumbani umenenepa."

Hakuwa anatia chumvi. Mwaka 1961 Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilipokea meli ya Victoria, iliyotengenezwa Uskoti na kampuni ya Yarrow, ikaletwa vipande vipande na kuungwa Kisumu. Ilizunguka ziwa kwa ratiba: Kisumu, Port Bell, Bukoba, Mwanza, Musoma, kisha Kisumu tena. Wapo waliopanda kwa shughuli zao, na wapo waliopanda kwa starehe tupu, wakala, wakalala, wakatazama maji. Mzee anakumbuka vitambaa vyeupe mezani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli ziligawanywa kama mali ya ndoa iliyokufa, na Victoria ikabaki Tanzania.

Mzunguko ule hauko tena. Vipande vyake vipo, na tuliamua kuviunga wenyewe.

PORT BELL

Safari ilianzia mahali ambapo hakuna meli ya kutuchukua. Mzee alisisitiza tupite kwanza Luzira, tuione bandari kwa heshima zake.

Port Bell iko kilomita chache tu kutoka katikati ya Kampala, lakini mtu anaweza kuzaliwa, kusoma na kuoa Kampala bila kufika pale. Wengi wanalijua jina hilo kupitia chupa: kiwanda cha bia cha Uganda Breweries, kilichoanzishwa mwaka 1946, kiko hapo hapo ukingoni, na bia yake ya Bell imerithi jina la bandari. Bandari nayo ilirithi jina la Sir Hesketh Bell, Mwingereza aliyeitawala Uganda kuanzia 1906 hadi 1909. Huyu bwana tutakutana naye tena mbele, na si kwa habari za bia.

Kwa miaka thelathini hivi, ziwa lilikuwa mlango wa mbele wa nchi. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901 ikakomea hapo. Aliyekuja Uganda, awe gavana, padri au fundi cherehani kutoka Gujarat, alishuka kwenye treni akapanda meli. Winston Churchill alivuka hivyo mwaka 1907, kutoka Kisumu hadi Entebbe, ndani ya Clement Hill iliyokuwa mpya kabisa, na katika kitabu chake cha mwaka uliofuata hakuacha kusifu starehe za chombo hicho. Pamba ya Buganda ilitokea mlango huo huo. Kisha mwaka 1931 reli ikavuka Nile kwa daraja la Jinja na kufika Kampala. Tangu siku hiyo mji ukaanza kulipa ziwa kisogo.

Leo gatini kuna cheni, walinzi, magugu maji na reli inayoingia hadi ukingoni, tayari kuingiza mabehewa ndani ya meli. Uganda ilikuwa na meli tatu za kazi hiyo: Kabalega, Pamba na Kaawa. Mwaka 2005 Kabalega na Kaawa ziligongana ziwani, Kabalega ikazama. Mzee alisimama akiitazama reli, kofia mkononi, mpaka Hajati akamwambia jua litamuua.

NAKIWOGO

Meli ya abiria ya Waganda inaondokea Nakiwogo, upande wa magharibi wa rasi ya Entebbe. Inaitwa MV Kalangala, ilianza kazi mwaka 2006, na kila mchana saa nane huelekea Lutoboka katika visiwa vya Ssese. Safari ni ya saa tatu na nusu hivi.

Mtu akitaka kujua visiwa vinakula nini, akae gatini Nakiwogo aangalie kinachopakiwa. Magodoro, kreti za soda, mabati, mikungu ya matooke, vifaranga ndani ya maboksi yaliyotobolewa, pikipiki, kitanda cha harusi kilichofungwa kwa nailoni. Wauzaji wa rolex, yaani chapati zenye mayai, wanazigeuza hadi dakika ya mwisho. Daktari wa meno, ambaye kazini huwakataza watu sukari, alipanda na chapati mbili zenye mayai na mfuko wa mandazi.

Hajati hakula kitu. Alikuwa anatafuta maboya. Mnamo tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe iitwayo Templar, iliyobeba vijana wa Kampala waliokwenda kucheza muziki majini, ilizama karibu na pwani ya Mukono na kuua watu zaidi ya thelathini. Tangu hapo wazazi wengi wa mjini hawasikii neno boti bila kushtuka. Baharia kijana aliyeona wasiwasi wake alimwonyesha majaketi yalipo, akamvalisha moja, akamfunga kamba zote. "Maama, ukichoka nalo utavua." Hakulivua hadi Lutoboka.

Juu kuna viti vya sponji na madirisha. Chini, mabenchi na mizigo. Tulikata tiketi za juu na kuishia chini, kwa sababu maongezi yote yalikuwa chini. Wanafunzi wa chuo walikuwa na spika yao. Mama mmoja wa biashara ya mukene, yaani dagaa, alikuwa akiwaeleza wageni, bila kuulizwa, hoteli zote za Lutoboka na mapungufu ya kila moja. Maharusi walikaa wamejikunyata pembeni mwa godoro ambalo, ilibainika baadaye, halikuwa lao.

Entebbe iko kaskazini kidogo ya ikweta, Kalangala iko kusini. Kwenye meli za bahari kuu, kuvuka mstari huo ni sherehe: baharia mmoja hujivika ndevu za bandia akawa mfalme wa bahari, na wageni hupakwa povu na kumwagiwa maji. MV Kalangala huvuka ikweta kila siku ya Mungu na hakuna anayeacha kutafuna. Daktari alikuwa ameshika simu inayoonyesha namba za ramani. Zilipofika sifuri alipaza sauti, na mwanamke wa mukene akamuuliza kama amepoteza kitu.

Ni hapo Mzee alipotuhadithia meli iliyoitwa Uganda. Ilikuwapo, na ilikuwa ya bahari kuu. Kampuni ya British India iliijenga Glasgow, ikaanza kazi mwaka 1952, ikisafirisha maofisa, wamisionari na familia zao kati ya London na Afrika Mashariki kupitia Suez. Ndege zilipoua njia hiyo, mwaka 1968 ikageuzwa kuwa meli ya kutembeza wanafunzi wa Uingereza baharini. Mwaka 1982 ikafanywa hospitali katika vita vya visiwa vya Falkland. Mwaka 1986 ikapelekwa Taiwan kama chuma chakavu. Kampuni hiyo ilikuwa pia na meli iitwayo Kampala, ya mwaka 1947, iliyounganisha Bombay, Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na Durban. Wahindi wengi wa Uganda wana babu au bibi aliyeshuka ngazi zake.

"Kwa hiyo Uganda na Kampala zimesafiri sana baharini," alisema Daktari. "Tuliobaki nyumbani ni sisi."

LUTOBOKA

Visiwa vya Ssese ni 84. Kikubwa ni Bugala, na Lutoboka ni ghuba yake: mchanga mweupe, msitu unaoshuka hadi karibu na maji, nyani wasio na haya, na hoteli zilizopangana ufukweni. Jioni moto uliwashwa, ngege wakabanikwa wazima wazima na ndimu na pilipili, matooke yakaja yamefunikwa kwa majani yake. Vijana wenye spika walitushinda kwa muziki, tukahamia karibu nao, na ikawa heri. Kufika saa nne usiku Hajati alikuwa anawafundisha wimbo wa harusi.

Waganda wanaliita ziwa hili Nalubaale, na mwenye ziwa ni Mukasa. Makao yake ya kale yako kisiwa cha Bubembe, jirani na Bugala. Kabla ya wamisionari, wafalme wa Buganda walipeleka huko zawadi wakiomba mvua, watoto na ushindi vitani. Wasese ndio waliokuwa mafundi wa mitumbwi ya mbao zilizoshonwa na wapiga makasia wa Kabaka. Mkuu wa mitumbwi hiyo alikuwa Gabunga, kiongozi wa ukoo wa Mamba. Hadi leo wapo wanaokwenda Bubembe kimya kimya na vikapu vyao. Mwenyeji wetu, Mkristo wa kanisa kila Jumapili, alisimulia habari za Mukasa kama anavyosimulia mtu habari za jirani mwenye nguvu ambaye si vizuri kumtaja vibaya.

Asubuhi tulipanda mlima hadi mji wa Kalangala, unaokaa mgongoni mwa kisiwa, na huko Hesketh Bell akarudi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliuingia mwambao wa ziwa na kuua watu zaidi ya 200,000 katika Busoga, Buganda na visiwani. Mbung'o wanaoueneza hukaa vichakani karibu na maji. Bell aliamua kwamba kama mbung'o hawaondoki, wataondoka watu. Akahamisha wakazi wa mwambao, kisha wa visiwani, na kufikia mwaka 1909 Ssese ilikuwa imetolewa watu wake. Mashamba ya migomba yakamezwa na msitu. Wenyeji walianza kurudi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na si wote. Msitu mzuri ambao mtalii anaupiga picha leo ni, kwa sehemu, msitu ulioota juu ya vijiji.

Na msitu wenyewe umepungua. Kuanzia miaka ya 2000 sehemu kubwa ya Bugala ilipandwa michikichi kwa mpango wa serikali, Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo na kampuni binafsi. Ukiwa njiani kwenda Luku unapita safu za michikichi ambazo haziishi, kila mti kwa nafasi yake, kivuli kimoja na ukimya mmoja. Wakulima wadogo waliojiunga wanapata kipato cha kila mwezi, na nyumba zao za matofali zinaonekana. Wavuvi wazee wanauliza mvua zimekwenda wapi. Binafsi nilizipenda nyumba, nikazikosa kelele za ndege.

LUKU HADI KYAKA

Kutoka Luku kivuko kinavuka hadi Bukakata kwa muda usiofika saa moja, na hakitozi nauli. Ng'ombe walivuka nasi, wakiwa watulivu kuliko abiria. Mbele yake ni Masaka na barabara ya Mutukula, na hapa msafara wa majini unakubali aibu ya kupanda gari.

Aibu hiyo ina faida moja, nayo ni daraja la Kyaka juu ya mto Kagera, upande wa Tanzania. Mwishoni mwa mwaka 1978 jeshi la Idi Amin liliingia Kagera, likatangaza kwamba nchi yote ya kaskazini ya mto ni Uganda, na likalilipua daraja. Miezi michache baadaye jeshi la Tanzania na Waganda wapinzani walipita njia ile ile kwenda upande wa pili, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Mzee alikuwa kazini reli mwaka huo. Tulipovuka, dereva, Mhaya wa makamo, alimwuliza alikuwa wapi wakati wa vita. "Kampala, nawasubiri," Mzee akajibu. Dereva alicheka hadi akapunguza mwendo.

BUKOBA

Bukoba inashuka taratibu kuelekea ziwani, na mbele yake kimesimama kisiwa cha Musira kama kimewekwa makusudi kuipendezesha. Mji ulianzishwa mwaka 1890 na Emin Pasha kuwa kituo cha Wajerumani. Juni 1915 Waingereza walikuja kwa meli za ziwani kutoka Kisumu, wakauteka, wakabomoa mnara wa mawasiliano wa redio uliokuwa shabaha yao, wakapora, wakaondoka. Bukoba imewahi pia kutikiswa kutoka chini: tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilibomoa maelfu ya nyumba katika mkoa wa Kagera na kuua watu. Kule Ssese tulikuwa tumeambiwa kwamba matetemeko ni kazi ya Musisi, mwenzake Mukasa. Wahaya tuliowauliza walitaja bonde la ufa, kwa lafudhi ya walimu.

Mtu wa Buganda anajiona nyumbani hapa. Migomba imeizunguka kila nyumba, ndizi hupikwa na maharage na samaki, na msimu wa mvua za Novemba watu hukesha na taa wakitega senene, sawasawa na Masaka. Kahawa ni tofauti kidogo. Mgeni hupewa punje zilizochemshwa na majani yenye harufu kisha kukaushwa, azitafune. Wahaya walitafuna kahawa karne nyingi kabla mtu hajafikiria kuinywa kwao. Ilikuwa ya kukaribisha wageni na ya kufunga udugu wa damu. Daktari alitazama meno ya muuzaji, mzee wa miaka mingi, akakuta yamekaa imara, akanunua mfuko mzima.

Kilichotushinda ni adabu. Watoto wa Bukoba walitusalimu shikamoo, nasi kwa mazoea ya Kampala tukawajibu "jambo" na "salama." Hajati peke yake, aliyelelewa Kibuli kwenye Kiswahili cha msikitini, alijua kuitikia marahaba, na kuanzia siku hiyo alijipa cheo cha mkuu wa msafara.

USIKU WA VICTORIA

Gatini Bukoba, jioni, ilitungoja meli ya Mzee.

Ni ile ile ya mwaka 1961. Ilisimama kazi miaka kadhaa, ikafanyiwa ukarabati mkubwa na kampuni ya Korea Kusini, ikarudi majini mwaka 2020 na injini mpya na jina refu: New Victoria Hapa Kazi Tu. Inabeba abiria 1,200 na mizigo tani 200. Mzee aliigusa ubavuni kabla ya kupanda ngazi. Ndani hakukuta vitambaa vyeupe. Alikuta runinga, vyumba vya vitanda, viti vya kulalia, mgahawa wenye wali na samaki, na umati ambao Wazungu wa mwaka 1961 wasingeuruhusu upite mlango wa daraja la kwanza.

Meli hii inaishi kwa ndizi. Mikungu ilipanda Bukoba kwa mabega ya wapagazi, na tulipotia nanga Kemondo, mwendo mfupi kusini, ikapanda mingine mpaka harufu ya utomvu ikaijaza sitaha ya chini. Mwanza iko katika nchi ya mihogo na mahindi, na Wahaya wa Mwanza hawawezi kuishi hivyo. Chumba cha Hajati kilikuwa na wanawake watatu wa biashara hiyo. Kila mmoja ana alama yake ya kamba au rangi kwenye vikonyo. Usiku wa manane waliamka kwa zamu kwenda kuhesabu. Walimhoji Hajati bei za vitenge Kikuubo, naye akawahoji faida ya mkungu. Kufikia saa sita walikuwa wanajadili ubia.

Kwenye sitaha ya juu watu walitandika mikeka na kanga. Kijana mmoja alikuwa anarudi chuo, padri anakwenda kutibiwa macho hospitali ya Bugando, familia inapeleka bibi harusi Sengerema. Kwenye meli watu hawana pa kwenda, kwa hiyo humaliza wanachoanza kusimulia. Ndiyo anasa tuliyokuwa tukiitafuta bila kujua bei yake, na tiketi ya daraja la tatu ilitosha kuilipia.

Mwezi haukuwapo, na ziwa likawaka. Kila upande taa za wavuvi wa dagaa zilielea juu ya maji meusi, nyingi kuliko taa za mji tuliouacha. Dagaa hufuata mwanga, na kwa sababu hiyo huvuliwa usiku wa giza. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Sasa wengi wanatumia taa za betri na umeme wa jua. Baada ya saa nane radi zilianza upande wa magharibi. Ziwa hili lina tabia hiyo: mchana nchi kavu hupata joto na mawingu hujengeka juu yake, usiku pepo za kutoka nchi kavu hukutana katikati ya maji yenye uvuguvugu, na dhoruba huzaliwa hapo. Mvua ilipiga, meli ikayumba kidogo, mikeka ikakunjwa, watu wote wakabanana ndani.

Katika mbanano ule mtu mmoja alitaja MV Bukoba. Hakuna anayesafiri njia hii bila kuitaja au kujizuia kuitaja. Tarehe 21 Mei 1996, ikiwa inatoka Bukoba na Kemondo, imejaa watu kupita uwezo wake, ilipinduka asubuhi ikikaribia kabisa Mwanza. Waliokufa wanahesabiwa kwa mamia, karibu elfu. Wengi wamezikwa Igoma, nje kidogo ya Mwanza, na jina la mahali hapo Wahaya hulitamka kwa sauti ya chini. Mama mmoja wa ndizi alimpoteza dada yake mkubwa. Alisema tu kwamba dada alikuwa amebeba mikungu kama hii, kisha akarudi kuhesabu yake.

Kulikuwa na msafiri mwingine niliyemfikiria usiku ule. Mwaka 1888 Kabaka Mwanga, akiwa amepinduliwa, alikimbia kwa mitumbwi akavuka ziwa hadi Magu, mashariki ya Mwanza, kisha akapata hifadhi kwa mapadri wa Bukumbi. Mfalme aliyekuwa akiagiza mamia ya mitumbwi ya Ssese alilivuka ziwa na wafuasi wachache, akishinda visiwani, akiogopa kila taa. Mwaka uliofuata alirudi kwa njia hiyo hiyo ya maji, akapigania kiti chake, akakipata. Historia tunayofundishwa Kampala hukaa sana vilimani, Mengo na Namirembe na Rubaga. Ukiwa majini unaona ni kiasi gani ilipitia huku.

MWANZA

Mapambazuko yalitukuta kwenye ghuba. Mawe makubwa ya matale yamerundikana hadi ndani ya maji, mengine yamepandana kwa namna ambayo fundi yeyote angeikataa. Maarufu kuliko yote ni lile la Bismarck karibu na gati la Kamanga. Agosti 1858 John Hanning Speke alifika kilima kimoja karibu na hapa, akaona ncha ya kusini ya ziwa, akalipa jina la malkia wake. Hakwenda hata hatua moja majini.

Soko la Mwaloni, Kirumba, lina dagaa waliokaushwa kwenye magunia yaliyopangwa kama kuta, na wanunuzi kutoka Kongo, Rwanda, Burundi na kwetu. Tulikula sato wa kukaanga na ugali, mikono ikiwa na mafuta hadi viwiko. Hajati alikutana na wabia wake wa usiku, akalipwa mkungu kama rehani ya urafiki.

Watu wa Mwanza wanazungumzia zaidi vyombo vipya. Kuna meli ya MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, yenye urefu wa zaidi ya mita 90 na nafasi ya abiria 1,200, magari na tani 400 za mizigo, ambayo toka mwanzo iliahidiwa kufika hadi Port Bell na Kisumu. Na kuna daraja: Juni 2025 lilifunguliwa lile la Kigongo hadi Busisi, kilomita tatu juu ya ghuba, na vivuko vilivyokuwa vikichelewesha watu kwa saa nzima vikakosa kazi siku hiyo. Wenye haraka wamefurahi. Wachuuzi wa mahindi ya kuchoma waliokuwa wakiwauzia wenye kusubiri wamehama.

Mzee alitaka kuona kitu kimoja kabla hatujaanza kurudi. Katika bandari ya Mwanza Kusini hupakiwa MV Umoja, meli ya mizigo yenye reli juu ya sitaha. Mabehewa husukumwa ndani yakiwa yamejaa, yakafungwa kwa minyororo, na mwaka 2018, baada ya miaka mingi ya kusimama, safari zake za kwenda Port Bell zilifufuliwa kwa shehena za Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Mahindi, kwa hiyo, yanaweza kulivuka ziwa moja kwa moja hadi Kampala bila kushuka njiani.

Mzee alimwita kijana wa getini, akajitambulisha kwamba ni mtu wa reli, akauliza kama kuna nafasi ya watu wanne hadi Luzira. Kijana alimwambia kwa heshima, "Babu, hapa tunapakia mabehewa tu." Mzee akauliza basi nauli ya behewa moja ni kiasi gani. Akajibiwa kwa tani.